Unaenda Nje Kufundisha Kiingereza? Soma Jina Kabla ya Kutuma Pesa

Umewahi kupata ujumbe kama huu? "Walimu wa Kiingereza wanahitajika haraka Korea Kusini. Mshahara 280,000 kwa mwezi, nyumba bure, tiketi bure. Nafasi zimebaki 6. Tuma 35,000 za usajili kabla ya Ijumaa." Kama uko kwenye kundi lolote la WhatsApp la walimu, huenda umeuona zaidi ya mara moja, na kila mara nafasi zilizobaki ni zile zile 6.

Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye chuo kikuu aliupata pia. Ana digrii ya ualimu, masomo yake ni Kiingereza na Fasihi, na namba ya TSC anayo. Wakati huo alikuwa mwalimu wa BOM katika shule ya upili moja Kaunti ya Kakamega. Alikuwa akilipwa 12,000 kwa mwezi, na kuna miezi ilikuwa inaingia nusu. Tutamwita Mwalimu tu, kwa sababu ndivyo alivyotuomba.

Alituma zile 35,000. Hazikurudi.

Lakini leo Mwalimu yuko Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, na anafundisha Kiingereza katika shule ya msingi. Kwa hivyo hatukuandikia haya ili tukutishe usisafiri. Watu wanaenda, wanafanya kazi, wanasomesha ndugu zao. Tunachotaka kukuonyesha ni tofauti kati ya safari yake ya kwanza, ambayo haikufika hata uwanja wa ndege, na ile ya pili.

Tuliongea naye kwa simu Jumamosi moja, sisi ikiwa saa kumi jioni na yeye saa mbili usiku, maana Thailand imetutangulia kwa saa 4. Tukamuuliza tofauti ilikuwa nini. Alicheka kidogo, kisha akasema: "Ile mara ya kwanza nilisoma tangazo mara kumi. Jina la anayepokea pesa sikulisoma hata mara moja."

Zile 35,000 zilikuwa za nani?

Tuseme ukweli. Mwalimu anayelipwa 12,000 hana 35,000 zimekaa mahali zikimngoja. Mama yake alikopa 15,000 kwenye chama. Shangazi yake alitoa 5,000. Zilizobaki zilitoka kwa mchango mdogo wa familia na marafiki: huyu 200, yule 500, mjomba wa bodaboda 1,000. Wote walitaka kusema siku moja, "Yule tulimsukuma sisi."

Hapo ndipo uchungu ulipo. Pesa yako mwenyewe ikipotea unaumia peke yako. Pesa ya mchango ikipotea unaanza kukwepa watu. Mwalimu anasema alikaa wiki tatu bila kumwambia mama yake. Kila akiulizwa, "Viza imefika wapi?", alijibu, "Wanashughulikia." Yule ajenti alikuwa ameshazima simu, na picha yake ya WhatsApp ilikuwa imepotea.

Siku aliyosema ukweli, mama yake alikuwa sokoni. Huyo mama anauza mboga, na wateja wake wengi hulipa kwa simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akamwambia amwonyeshe ule ujumbe wa kuthibitisha malipo. Akausoma polepole. Lilikuwa jina la mwanamume, majina mawili. Si jina la kampuni iliyokuwa kwenye tangazo, na si jina la dada aliyekuwa akimpigia Mwalimu simu.

Akamwambia: "Mwanangu, ya chama tutalipa. Lakini mimi nikiuza sukuma ya 50 nasoma jina kabla mteja hajaondoka. Wewe umetuma 35,000, na hukusoma?"

Hatujapata njia nzuri zaidi ya kulieleza jambo hili kuliko hiyo ya mama. Ukijaza namba ya kupokea na kiasi, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini kabla hujamaliza. Hizo ni sekunde chache tu, lakini ndizo zinazoweza kukuokolea mwaka mzima wa kulipa deni.

Swali la kwanza: hiyo kazi inaweza kuwepo?

Kabla ya kuuliza kama ajenti ni wa kweli, uliza kama kazi yenyewe inawezekana. Kila nchi ina sheria zake kuhusu nani anaruhusiwa kufundisha Kiingereza, na sheria hizo si siri.

Tuchukue Korea Kusini, ile ya tangazo. Viza ya kawaida ya walimu wa Kiingereza huko inaitwa E-2. Kwa Kiingereza, hupewa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Haijalishi Kiingereza chako ni kizuri kiasi gani, wala kwamba ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Unaweza kuona hilo si haki, na hatutabishana nawe. Lakini mtu akikuahidi viza ya E-2 kwa pasipoti ya Kenya, umeshapata jibu lako kabla ya kufungua mkoba.

Thailand ni tofauti, na ndiyo sababu Wakenya kadhaa wanafundisha huko. Kwa kawaida shule itataka vitu hivi:

- Digrii. Ya ualimu ni bora zaidi, ingawa shule nyingine huchukua digrii yoyote.
- Cheti cha mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, kwa walimu wasiotoka katika nchi wanazozihesabu kuwa za wazawa wa Kiingereza. Ndiyo, hata wewe uliyefundisha Kiingereza Kakamega utaufanya.
- Cheti cha maadili mema kutoka DCI.
- Viza ya Non-Immigrant B, inayoombwa kwa barua na stakabadhi zinazotoka kwa mwajiri.
- Kibali cha kazi, ambacho mwajiri hukushughulikia ukishafika.
- Leseni au ruhusa ya muda kutoka Khurusapha, baraza la walimu la Thailand. Ifikirie kama TSC yao.

Kufundisha huko ukiwa na viza ya utalii ni kuvunja sheria, na mwajiri wako hatakaa rumande kwa niaba yako. Ajenti akikwambia, "Ingia kama mtalii, mengine tutapanga ukifika," muulize ni nani atakayepanga, lini, na kwa karatasi gani. Kama hana jibu la kuandika, usitume kitu.

Jambo lingine ambalo Mwalimu alitaka tuliweke wazi ni mshahara. Walimu kutoka Afrika mara nyingi hulipwa chini kuliko wenzao kutoka Ulaya au Marekani, hata wakiwa shule moja. Yeye anapata baht 25,000 kwa mwezi. Ukihesabu baht moja kuwa kama shilingi 4 hivi, ni karibu shilingi 100,000. Si zile 280,000 za kwenye tangazo, lakini hizi zinaingia kila mwezi, na mkataba anao.

Pesa za kweli zina njia zake

Safari ya pili Mwalimu aliipanga tofauti. Alichukua daftari la darasani, akachora mistari mitatu kila ukurasa: *Nalipia nini? Namlipa nani? Jina gani litatokea?* Kitu kisichojaza mistari yote mitatu hakikulipwa. Tuliomba picha ya lile daftari. Tunakupa kwa ufupi yaliyomo, kwa sababu ndiyo orodha bora zaidi tuliyowahi kuona kutoka kwa mteja.

Pasipoti. Inaombwa kupitia eCitizen. Pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, ukiongeza na ile 50 ya huduma.

Cheti cha maadili mema. Nacho ni kupitia eCitizen, shilingi 1,050, halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole.

Kumbuka hapa: malipo ya huduma za serikali kwenye eCitizen huingia kwa namba moja ya paybill, 222222. Mtu akikwambia umtumie yeye "ada ya pasipoti" kwenye namba yake ya kawaida ili "aifuatilie ndani", hiyo si ada. Hiyo ni yake.

Chanjo ya homa ya manjano. Thailand hudai kadi hiyo kwa wasafiri wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yao, na Kenya imo. Ichanjwe kwenye kituo kinachotambuliwa na upewe kadi yenyewe. Kadi ya kununua mjini inaweza kukurudisha kutoka uwanja wa ndege.

Mtihani wa Kiingereza. Unalipa kituo cha mtihani chenyewe, na risiti inakuja na jina lako.

Kuthibitisha vyeti na viza. Ada hulipwa serikalini na kwa ubalozi. Thailand ina ubalozi Nairobi, kwa hivyo huhitaji mtu wa katikati wa kukuambia viza ni pesa ngapi. Uliza mwenyewe.

Tiketi. Nunua kwa shirika la ndege au duka la tiketi lenye ofisi unayoweza kuiingia. Ukipata namba ya tiketi, iangalie kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tiketi "iliyohifadhiwa" si tiketi iliyolipiwa, na wengi wameijua tofauti hiyo wakiwa wamesimama JKIA na masanduku.

Pesa ya kuishi. Hii ndiyo wengi husahau. Mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi, na wakati mwingine mwezi wa kwanza hauhesabiwi wote. Beba ya kukutosha wiki 6 hadi 8: kodi ya chumba na amana yake, chakula, nauli.

Umeona kitu ambacho hakimo kwenye orodha? "Ada ya nafasi." Shule inayokutaka inapanga kukulipa wewe. Ikiwa kabla hujafundisha hata kipindi kimoja tayari mtu amekula pesa zako kwa jina la shule, simama kwanza.

Na ajenti je? Wote ni wabaya?

Hapana. Kuna maajenti wanaofanya kazi halali, na kuna watu wamefika nje vizuri kupitia kwao. Lakini sheria ya Kenya inataka shirika la kuwatafutia watu kazi liwe limesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Itafute bila kumuuliza ajenti akutumie linki, kwa sababu linki yake inaweza kukupeleka kwenye ukurasa aliojitengenezea.

Ukishalipata jina kwenye orodha, fanya mambo haya kabla ya kulipa chochote:

1. Linganisha majina matatu. Jina la kampuni kwenye orodha ya NEA, jina kwenye mkataba, na jina linalotokea kwenye simu unapolipa. Yakitofautiana, acha. "Ni ya mhasibu wetu" si jibu. Kampuni yenye mhasibu ina namba ya paybill au till.

2. Omba ankara kwanza. Iwe na jina lako, huduma unayolipia, kiasi, na masharti ya kurudishiwa pesa viza ikikataliwa. Kama wanasema ankara hutoka baada ya kulipa, hiyo ni risiti. Waambie unataka ankara.

3. Weka rekodi kwenye malipo. Ukilipa kwa paybill kuna sehemu ya kuandika akaunti. Andika jina lako au namba ya ankara. Siku ya siku, huo ndio ushahidi kwamba pesa zilikuwa za kitu fulani na hazikuwa zawadi.

4. Usikubali kugawanya. "Tuma 20,000 kwa namba hii na 15,000 kwa ile nyingine." Mfanyabiashara halali hana sababu ya kuficha njia ya pesa yake.

5. Kataa haraka. "Kabla ya Ijumaa", "leo saa kumi", "kuna mtu mwingine anaitaka". Nafasi ya kazi ya mwaka mzima haiwezi kupotea kwa sababu ulilala ukaamka. Kama inapotea, iache ipotee.

6. Usifute ujumbe wowote. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha malipo, mazungumzo ya WhatsApp na picha za tangazo. Watu hufuta kwa hasira au aibu, kisha wanakuja kwetu mikono mitupu.

Na kama tayari umetuma? Tupigie mara moja, dakika hiyo hiyo. Tukikuta pesa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna hatua za kuchukua. Zikishatolewa kwa wakala, nasi mikono yetu imefungwa, na matapeli wanalijua hilo vizuri. Hutoa pesa kabla hujaweka simu mfukoni. Ndiyo maana tunarudia jambo la jina mpaka unachoka nasi. Baada ya kutupigia, piga ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya OB. Unaweza pia kuwapigia DCI bila malipo kupitia 0800 722 203.

Wakati hatari si pesa tena

Sehemu hii hatukutaka kuiandika, lakini tungekuwa tumekuficha kitu.

Mwaka wa 2022, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilionya Wakenya kuhusu kazi za uongo za Thailand. Vijana waliahidiwa kazi nzuri, wakashuka Bangkok, kisha wakasafirishwa kwa barabara hadi mpakani na kuvukishwa kuingia Myanmar. Huko walifungiwa kwenye majengo yenye ulinzi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi wao walikuwa wamesoma, wanajua kompyuta, na wanaongea Kiingereza kizuri. Kwa maneno mengine, watu kama wewe na kama Mwalimu. Mapema 2025, maelfu ya watu wa mataifa mengi waliondolewa kwenye majengo hayo katika eneo la Myawaddy, na Wakenya walikuwemo.

Kwa hivyo lijue jina hili: Mae Sot. Ni mji wa Thailand ulio mpakani, na ng'ambo ya mto ndiyo Myawaddy. Ukiahidiwa kazi ya shule Bangkok, kisha dereva aliyekupokea anaelekea magharibi kwa saa nyingi kuelekea Mae Sot, hiyo si njia ya kwenda shuleni. Mpigie mtu. Shuka penye watu. Kenya ina ubalozi Bangkok, na namba yake iwe kwenye simu yako na kwenye karatasi mfukoni kabla hujaondoka, maana simu ndiyo kitu cha kwanza wanachochukua.

Mwalimu alifanya jambo moja rahisi. Kabla ya kukubali kazi, alitafuta shule kwenye ramani, akapata namba yake mwenyewe bila kupitia kwa aliyempa kazi, akapiga. Aliyepokea hakujua Kiingereza kingi, lakini alimpitishia mwalimu mwingine wa kigeni. Waliongea dakika kumi. Aliuliza saa za kazi, idadi ya wanafunzi, mshahara huingia tarehe ngapi, na kama mkataba ni wa miezi 10, 11 au 12. Swali hilo la mwisho ni muhimu. Mwaka wa shule Thailand huanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na mikataba mingine hailipi likizo ile ndefu. Kama hukuuliza, utajua mwezi wa nne ukiwa na njaa.

Laini yako isibaki yatima

Umepata kazi ya kweli, viza iko kwenye pasipoti. Kabla ya kupanda ndege, kaa chini na simu yako.

Laini yako ya Kenya inabeba zaidi ya salio. Ndiyo inapokea namba za siri za muda za benki, eCitizen na KRA. Ikifungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, unajifungia nje ya mambo yako mwenyewe. Kwa hivyo:

- Washa huduma ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi, na uijaribu kabla hujaondoka.
- Itumie mara kwa mara, hata kwa kununua muda wa maongezi kidogo.
- Usimwachie mtu laini pamoja na namba ya siri. Hata ndugu. Hata mchumba. Tumeona undugu mwingi ukivunjika kwa sababu ya laini moja.
- Funga laini yako isibadilishwe na mtu mwingine. Tuulize, tutakuonyesha namna.
- Lipa au panga mikopo ya simu kabla ya kuondoka. Mkopo wa 3,000 ulioachwa nyuma unaweza kukuharibia jina ukija kutaka mkopo wa shamba.

Na mtu yeyote akikupigia ukiwa huko akisema yeye ni sisi, anataka namba yako ya siri ili "akufungulie akaunti ya ng'ambo", kata simu. Sisi hatuulizi namba ya siri. Hatujawahi na hatutawahi.

Kutuma nyumbani: hesabu ya Mwalimu

Kila mwezi Mwalimu huweka kando baht 8,000 za kutuma nyumbani, baada ya kutoa kodi, chakula na nauli. Miezi ya kwanza alitumia huduma iliyojitangaza "bila ada". Ilimfurahisha. Kisha, akiwa mwalimu wa lugha anayeogopa hesabu, akaamua kufanya hesabu.

Tukupe mfano wa jinsi inavyokuwa. Huduma ya kwanza haina ada, lakini inabadilisha baht moja kwa shilingi 3.75. Baht 8,000 zinafika zikiwa shilingi 30,000. Huduma ya pili inakata ada ya baht 100, lakini inabadilisha kwa 3.90. Zinazobaki ni baht 7,900, na zinafika shilingi 30,810. Ile yenye ada imekuletea shilingi 810 zaidi. Kwa miezi 12 ni shilingi 9,720, na kwa mama anayeuza mboga hiyo ni pesa.

Kwa hivyo usiulize, "Ada ni ngapi?" Uliza, "Nikitoa hizi, mama atapokea ngapi mkononi?" Swali hilo moja linajumlisha kila kitu.

Anayepokea naye ana kazi yake. Hakikisha jina lililosajiliwa kwenye laini yake ni lile lile la kitambulisho, kwa sababu jina likikosana herufi chache, pesa zinaweza kukwama njiani. Na mkubaliane mapema pesa ni za nini. Mwalimu na mama yake wana makubaliano: karo ya mdogo wake kwanza, halafu matumizi, halafu akiba. Wengine wakiomba, jibu ni moja: "Ngoja nimuulize mama." Anasema hilo limemwokoa zaidi ya mshahara.

Ujumbe wa kwanza

Tulimuuliza kama anajuta zile 35,000. Alikaa kimya kidogo. Akatuambia kwamba asubuhi za Thailand, saa mbili, wanafunzi husimama mstarini wimbo wa taifa ukiimbwa na bendera ikipandishwa, na humkumbusha gwaride la Jumatatu na Ijumaa kule nyumbani. Watoto humwita "Kru", yaani mwalimu, kisha wanaunganisha viganja na kuinama kidogo. Siku nyingine, akiwa amesimama pale, huwaza kwamba angekuwa bado Kakamega anangoja nusu mshahara, au angekuwa ng'ambo ya ule mto, kama yule ajenti wa kwanza angekuwa na mipango mikubwa kuliko kuiba 35,000.

"Najuta," akasema. "Lakini nilijuta vizuri."

Mshahara wake wa kwanza ulipoingia, hakutuma ya karo wala ya matumizi. Alituma 15,000 kamili, na akaandika ujumbe mmoja: *ya chama*. Ilikuwa alasiri ya sokoni, mama ana mteja mbele yake. Simu ikalia. Mama akamwambia mteja angoje. Akafungua, akasoma jina, akalisoma tena kwa sauti, majina yote mawili ya bintiye, mpaka jirani wa nyanya akauliza kuna nini.

"Nasoma jina," akasema.

Nawe fanya hivyo hivyo, uwe unatuma 50 au 35,000. Na kama kuna mtu kwenye kundi lenu la walimu aliyepata tangazo wiki hii na sasa anatafuta mchango, mtumie makala haya leo, kabla Ijumaa haijafika.